Ruta ya akiba, ripita, meshi au aksesi pointi: kipi kiifikishe Wi-Fi chumba cha mwisho?

Simu inaonyesha imeshika Wi-Fi, lakini ukurasa unazunguka tu bila kufunguka. Ukisogea sebuleni ilipo ruta, kila kitu kinakimbia. Hapo ndipo maswali huanza: niifufue ruta ya zamani iliyolala kabatini, ninunue ripita ya kuchomeka ukutani, nihamie meshi (vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja), au nifunge aksesi pointi halisi kama zile za maofisini? Ukiuliza watu watano utapata majibu matano, na kila mmoja atakusifia kifaa alichonacho yeye.

Kabla hujanunua chochote, fanya vipimo viwili. Kwanza, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta upime kasi. Ikiwa hata hapo mtandao unasuasua, tatizo liko kwenye laini ya intaneti au kifurushi chako, na kati ya vifaa hivi vinne hakuna kitakachokusaidia. Pili, angalia ruta imekaa wapi. Ikiwa imefichwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati au sakafuni kwenye kona ya nyumba, itoe uiweke juu, karibu na katikati. Ukuta wa zege wenye nondo, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi la maji hula mawimbi kuliko mbao au jasi. Wapo wanaomaliza shida yao hapo hapo.

## Ndani ya kasha la ruta

Kile tunachokiita ruta ya nyumbani ni kasha moja lenye kazi nne. Kuna ruta yenyewe, inayosimama kati ya nyumba na intaneti na kuvifanya vifaa vyako vyote vitoke nje kwa anwani moja; kazi hiyo huitwa NAT. Kuna mgawaji wa anwani, DHCP, anayekipa kila kifaa kinachoingia namba yake. Kuna swichi, yaani matundu ya LAN yaliyopangana nyuma ya kasha. Na kuna redio ya Wi-Fi.

Aksesi pointi ni redio na njia ya waya tu. Kwa hiyo kuigeuza ruta kuwa aksesi pointi ni kuzilaza kazi mbili za kwanza na kuziacha mbili za mwisho zikiendelea. Ukilielewa hilo, karibu makosa yote ambayo watu hufanya kwenye kazi hii utayaona yakija kutoka mbali.

## Vigezo vya kupimia

Nitavipima vifaa vyote vinne kwa mambo yale yale, lakini mizani haina uzito sawa kila upande.

Jambo la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni njia ya nyuma: kifaa cha pili kinaongeaje na ruta kuu, kwa waya au kwa hewa? Mengi yanayofuata yanatokana na jibu hilo. Pili ni kasi utakayoipata kule chumbani, si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Tatu ni kuhama, yaani simu inavyoliacha chimbuko moja la mawimbi na kushika jingine ukiwa unatembea. Nne ni kazi ya kuweka. Tano ni usalama na umri wa kifaa. Mwisho nitasema kinamfaa nani, na gharama nitaigusa hapo.

## Ruta ya akiba kama aksesi pointi

Njia ya nyuma. Ni waya, na hapa hakuna kujadiliana. Kebo ya Ethernet, yaani kebo ya mtandao, itoke ruta kuu hadi ilipo ruta ya akiba. Kebo ya Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, umbali ambao nyumba nyingi hazifiki hata kwa kuizungusha kebo pembeni mwa dari. Kwa hiyo kinachokwamisha si urefu, ni kupitisha: tundu la ukutani, ruhusa ya mwenye nyumba, na watu wa nyumbani wasiopenda kuona kebo ikining'inia.

Kasi. Habari njema ni kwamba waya haugawi kasi. Redio ya ruta ya akiba inazihudumia simu tu, haiumizwi na kazi ya kurudisha data kwa hewa. Habari mbaya iko kwenye umri. Ruta nyingi za zamani zina matundu ya megabiti 100 kwa sekunde. Kama kifurushi chako ni cha 300, chumba cha mwisho hakitavuka 100 hata ufanyeje. Soma maandishi yaliyo chini ya kasha au kurasa za mtengenezaji. Redio nayo itazame: kiwango cha 802.11n, ambacho leo huitwa Wi-Fi 4, kilipitishwa mwaka 2009, na ruta nyingi za bei ya chini za wakati huo zina bendi, yaani masafa ya redio, ya 2.4 GHz peke yake. Hiyo inatosha kwa kusoma, ujumbe na video ya mtu mmoja. Ruta ya 802.11ac, yaani Wi-Fi 5 ya mwaka 2013 na kuendelea, yenye matundu ya gigabiti, ni mali, usiitupe.

Kuhama. Zipe ruta zote mbili jina moja la Wi-Fi, nenosiri lile lile na aina ile ile ya ulinzi. Chaneli zitofautiane: kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11, kwa sababu hizo hazigongani, na upana uwe MHz 20. Baada ya hapo simu itahama yenyewe, ila itahama inapotaka yenyewe. Wanaoamua ni vifaa vyako, si ruta, na baadhi ya simu hung'ang'ania mawimbi dhaifu ya sebuleni wakati yenye nguvu yako pembeni yake. Dawa ya kushangaza ni kupunguza nguvu ya redio ya ruta kuu kidogo, ili simu ikate tamaa mapema. Na kama unataka kujua kwa hakika umeshika ipi, zipe majina tofauti. Si aibu, na kwa televisheni au printa isiyohama ni bora zaidi.

Kazi ya kuweka. Hapa ndipo panapowashinda wengi, ingawa kazi yenyewe haizidi muda wa kikombe cha chai. Tazama kwanza kama menyu ya ruta ya akiba ina hali ya aksesi pointi. Ikiwa ipo, ichague, hifadhi, na uchomeke kebo pale mtengenezaji anapoelekeza. Mara nyingi ni tundu la WAN, lile la kupokea intaneti. Ruta itajizimia NAT na DHCP yenyewe, na itapewa anwani mpya na ruta kuu. Ukitaka kuingia tena kwenye menyu yake, itafute kwenye orodha ya vifaa ndani ya ruta kuu, maana ile anwani ya zamani haifanyi kazi tena.

Ikiwa hali hiyo haipo, unaifanya kwa mkono. Tuseme ruta kuu ina anwani 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Unganisha laptopu na ruta ya akiba peke yake kwa kebo, bila kuigusisha na ruta kuu. Panga kwanza Wi-Fi yake: jina, nenosiri, chaneli. Kisha badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.2, ambayo iko kwenye familia ile ile lakini nje ya zile zinazogawiwa. Ingia upya kwa anwani hiyo mpya. Mwisho kabisa zima DHCP. Ukiizima mapema, laptopu inaweza kukosa anwani na kufungiwa nje kabla hujamaliza. Sasa chomeka ncha moja ya kebo kwenye tundu la LAN la ruta kuu, na ncha nyingine kwenye tundu la LAN la ruta ya akiba. Tundu la WAN liache tupu.

Makosa yanayojirudia ni manne. Kuziacha ruta zote mbili na 192.168.1.1, hivyo zinagombania anwani na mtandao unapotea na kurudi. Kuacha DHCP mbili zikifanya kazi, hivyo baadhi ya vifaa vinaelekezwa kwenye mlango ambao hauna intaneti. Ugonjwa huu hauchagui siku wala kifaa, na ndiyo maana huchosha kuutafuta. Kuchomeka WAN bila kuwasha hali ya aksesi pointi: intaneti itafika, na utadhani umemaliza, mpaka utakapogundua kwamba simu iliyo chumbani haiioni printa iliyo sebuleni. Hiyo ni NAT juu ya NAT, mitandao miwili ndani ya nyumba moja, na koni ya michezo nayo italalamika. La nne ni kuunganisha kebo mbili kati ya ruta hizo hizo kwa kudhani kasi itaongezeka. Swichi nyingi za nyumbani hazina kinga dhidi ya mzunguko, na pakiti zitazunguka humo bila kikomo mpaka mtandao wote ugande.

Ukikwama kabisa, bonyeza na ushikilie kile kitufe kidogo cha kurejesha mipangilio ya kiwandani, uanze upya.

Jambo moja ambalo maelekezo mengi hayalisemi: ruta ikishakuwa aksesi pointi, vile vipengele vyake vya udhibiti wa watoto, kugawa kasi na ngome ya kinga havifanyi tena kazi, kwa sababu data haipiti tena mlangoni pake. Mambo hayo yapange kwenye ruta kuu. Mtandao wa wageni nao uwe na wasiwasi nao: kwenye ruta nyingi, katika hali hii, mgeni anaingia moja kwa moja kwenye mtandao wako wa ndani.

Usalama na umri. Ruta iliyo nyuma ya ruta kuu haiangaliani uso kwa uso na intaneti, na hilo ni nafuu. Lakini redio yake inasikika hadi nje ya ukuta. Ikiwa inajua WEP tu, ule ulinzi wa kizamani wa Wi-Fi, irudishe kabatini. WPA2, iliyokuja mwaka 2004, bado inakubalika. WPA3 ya mwaka 2018 ni bora. Mwaka 2017 watafiti walionyesha udhaifu wa WPA2 uliopewa jina KRACK, na dawa yake ilikuwa kusasisha programu ya ndani ya vifaa, simu na laptopu vikiwemo. Ruta ambayo mtengenezaji aliiacha kabla ya hapo haikuipata dawa hiyo.

Kuna mlango wa pili: OpenWrt, programu huria ya ruta iliyoanza mwaka 2004 baada ya msimbo wa Linksys WRT54G kuwekwa wazi. Inaweza kuipa ruta iliyotelekezwa miaka mingine ya uhai, na hali ya aksesi pointi ni moja ya kazi zake rahisi. Angalia kwanza kama modeli yako, pamoja na toleo lake la kiwandani, imo kwenye orodha yao. Vile vya zamani kabisa, vyenye hifadhi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32, matoleo ya sasa hayawezi kuingia.

Inamfaa nani. Mwenye kebo iliyokwishafika au inayoweza kufika, mwenye ruta isiyozeeka sana, na asiyeogopa menyu. Gharama yake ni kebo tu.

## Ripita

Njia ya nyuma. Hewa. Inayasikia mawimbi ya ruta kuu na kuyarusha tena. Kwa hiyo mahali pake ni katikati ya njia, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu, si ndani ya chumba kilichokufa. Ripita iliyowekwa kwenye chumba kilichokufa itakupa mistari yote minne ya Wi-Fi na intaneti ile ile mbovu, kwa sababu inarudia kwa sauti kubwa kile ambacho yenyewe haikukisikia vizuri.

Kasi. Redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja. Kila pakiti inavuka hewa mara mbili, na kasi hushuka kwa karibu nusu, wakati mwingine zaidi. Zile za bendi mbili zinaweza kuongea na ruta kwa 5 GHz na kuzihudumia simu kwa 2.4 GHz, na hapo maumivu hupungua.

Kuhama. Nyingi huanzisha jina lao jipya, na wewe unabaki kuhama kwa mkono. Unaweza kuziweka jina moja na ruta kuu, lakini matokeo hayatabiriki kama ya waya.

Kazi ya kuweka. Rahisi kuliko zote: chomeka, bonyeza kitufe cha WPS (cha kuunganisha bila kuandika nenosiri) pande zote mbili, subiri taa. Ukimaliza, zima WPS ya namba ya PIN kwenye ruta; udhaifu wake umejulikana hadharani tangu mwaka 2011.

Usalama na umri. Ni vifaa vya bei ndogo ambavyo vingi husasishwa kwa nadra. Weka nenosiri lako la kuingilia kwenye menyu badala ya lile la kiwandani.

Inamfaa nani. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, mwenye pembe moja tu inayosumbua, anayehitaji ujumbe na kurasa kuliko mikutano ya video. Ina faida moja inayosahaulika: ripita nyingi zina tundu la Ethernet. Siku kebo itakapofika, kifaa hicho hicho mara nyingi kinaweza kubadilishwa kuwa aksesi pointi ndogo.

Na ruta ya akiba je, haiwezi kuwa ripita? Baadhi zinaweza, ama kwa hali ya ripita ama kwa WDS, njia ya kuziunganisha ruta mbili kwa hewa. Tatizo ni kwamba WDS haikuwahi kuwa kiwango kinachoheshimiwa na watengenezaji wote kwa namna moja, kwa hiyo ruta za makampuni mawili tofauti mara nyingi hazielewani. Jaribu kama una subira, ila usipange mkutano muhimu juu yake.

## Meshi

Njia ya nyuma. Hewa au waya, wewe uchague. Vituo viwili au vitatu vya familia moja vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Vile vya bendi tatu huweza kuitenga moja kwa mazungumzo hayo ya ndani, na hapo ndipo tofauti yao na ripita ya kawaida ilipo.

Kasi. Kwa hewa ni bora kuliko ripita, lakini kila kituo cha ziada njiani kinakata kitu. Kuta nene huiathiri meshi kama zinavyoathiri kila kitu kingine. Matangazo hayalisemi hilo kwa sauti kubwa. Ukivipa vituo waya, meshi inakuwa sawa na kundi la aksesi pointi nzuri, na sioni sababu ya mtu mwenye kebo ukutani kuiacha bila kuitumia.

Kuhama. Hapa meshi inaongoza, na aksesi pointi zenye usimamizi wa pamoja zipo bega kwa bega nayo. Viwango vya 802.11k, 802.11v na 802.11r huiambia simu vituo gani viko karibu, huishauri ihamie wapi, na hufupisha salamu za usalama wakati wa kuhama. Uamuzi wa mwisho bado ni wa simu, ila sasa inaamua ikiwa na taarifa. Anayezungumza kwa sauti ya intaneti huku akipanda ngazi ataisikia tofauti.

Kazi ya kuweka. Ni programu ya simu inayokuongoza hatua kwa hatua. Mifumo mingi itakutaka ufungue akaunti kwa mtengenezaji, na kuna wasiopenda hilo. Tahadhari kubwa ni pale unapoichomeka nyuma ya ruta ya kampuni ya intaneti bila kubadilisha lolote: unarudi kwenye NAT juu ya NAT. Ama uibadilishe ruta ya kampuni ifanye kazi ya modemu tu, ama uiweke meshi kwenye hali ya aksesi pointi, ukikubali kwamba baadhi ya vipengele vyake vitazimika.

Usalama na umri. Nyingi hujisasisha zenyewe usiku, na kwa familia ambayo hakuna anayefungua menyu ya ruta, hilo peke yake ni sababu ya kuinunua. Upande wa pili, umefungwa kwa mtengenezaji mmoja. Wi-Fi Alliance, muungano wa makampuni ya Wi-Fi, ilizindua EasyMesh mwaka 2018 ili vifaa vya makampuni tofauti vielewane, lakini kwa vitendo ni salama zaidi kununua vya familia moja.

Inamfaa nani. Nyumba ya vyumba vingi au ya ghorofa isiyo na kebo, yenye watu wanaotembea na simu mikononi, na isiyo na fundi wa nyumbani. Gharama yake iko juu, kwa kuwa unabadilisha mfumo mzima na si kuziba pengo moja.

## Aksesi pointi halisi

Njia ya nyuma. Waya, kama ruta ya akiba, ila kwa PoE kebo hiyo hiyo moja inabeba data na umeme. Huhitaji plagi darini. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 hutoa hadi wati 15.4 kwenye chanzo, na 802.3at cha mwaka 2009 hufika wati 30. Umeme huo unatoka kwenye swichi ya PoE au kwenye kiboksi kidogo kinachowekwa katikati ya kebo. Hakikisha vinalingana: kuna vifaa vinavyotumia volti 24 zisizofuata kiwango, na umeme huo hutoka bila kuuliza kwanza upande wa pili ni nani. Kifaa kisichoujua kinaweza kuungua.

Kasi. Redio zake zimetengenezwa kwa ajili ya watu wengi kwa wakati mmoja, na antena zake nyingi zimepangwa kurusha kutoka darini kwenda chini na pembeni. Mtu mmoja na laptopu yake huenda asione tofauti na ruta nzuri ya akiba. Watu thelathini wataiona.

Kuhama. Nzuri sana zikiwa mbili au zaidi chini ya usimamizi mmoja. Ikiwa ni moja tu pamoja na ruta ya kampuni ya intaneti, basi hali ni ile ile ya ruta ya akiba.

Kazi ya kuweka. Kupandisha darini, kupitisha kebo, kuisoma menyu yenye maneno mengi. Malipo yake ni uwezo ambao ruta ya akiba hukunyima: majina kadhaa ya Wi-Fi, kila moja likiwa na mtandao wake uliotengwa kwa VLAN (njia ya kuugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa), wageni upande wao, kamera upande wao. Ruta kuu na swichi zako lazima nazo zijue VLAN, la sivyo utengano huo unabaki kwenye menyu tu.

Usalama na umri. Watengenezaji wa vifaa vya ofisini kwa kawaida huvitunza kwa masasisho kwa muda mrefu kuliko vya nyumbani.

Inamfaa nani. Ofisi ndogo, shule, nyumba ya kulaza wageni, na mwenye nyumba anayejenga sasa hivi ambaye kuta zake bado ziko wazi. Huyo wa mwisho nitamsihi: pitisha kebo mbili kila dari kabla ya kupiga plasta, hata kama aksesi pointi utainunua baadaye.

## Kebo haipiti, ila hutaki hewa

Kuna njia ya kando. Adapta za kupitisha data kwenye nyaya za umeme, kama zile za HomePlug, huchomekwa mbili: moja karibu na ruta kuu, nyingine kule mwisho, na hapo unaichomeka ruta ya akiba kana kwamba kebo imefika. Kasi halisi huwa chini sana ya iliyoandikwa kwenye boksi, na inategemea jinsi nyumba ilivyofungwa nyaya: soketi mbili za njia moja ya umeme huelewana vizuri kuliko za njia tofauti. Zichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye kiendelezi chenye kinga ya umeme, kwa sababu kinga hiyo huzichuja ishara zao. Nyumba yenye nyaya za koaksia za televisheni ina bahati zaidi. Adapta za MoCA juu ya nyaya hizo hukaribia Ethernet yenyewe. Ukipata uwezekano wa kurudisha adapta dukani, zijaribu kwanza kwenye soketi zako kabla ya kuamua.

## Kulingana na hali yako

Una kebo inayofika na ruta ya Wi-Fi 5 au mpya zaidi kabatini: anza na ruta hiyo leo. Ikikuridhisha, umemaliza. Isipokuridhisha, kebo uliyopitisha itatumika na kifaa chochote utakachonunua baadaye, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Una kebo, lakini ruta ya akiba ni ya 2.4 GHz pekee na haijasasishwa kwa miaka: ichukulie kama ya kupimia tu. Itakuonyesha kama mahali ulipopachagua panafaa, kisha weka aksesi pointi hapo hapo.

Umepanga, huwezi kutoboa, na ni chumba kimoja tu: ripita ya bendi mbili katikati ya njia. Ikiwa kazi yako ni ya mikutano ya video kutwa nzima, jaribu kwanza adapta za nyaya za umeme pamoja na ruta ya akiba. Kasi yake huenda isiwe kubwa, lakini mara nyingi hutulia kuliko hewa iliyorudiwa.

Nyumba ni kubwa, kebo hakuna, na hakuna anayetaka kusikia neno DHCP: meshi ya bendi tatu, kituo cha pili kikiwa bado kinaona vizuri mawimbi ya cha kwanza.

Unahudumia watu usiowajua, wateja, wanafunzi au wageni: nenda moja kwa moja kwenye aksesi pointi yenye VLAN. Ruta ya akiba hapa si suala la kasi. Ni kwamba haitakuhakikishia mgeni hagusi kompyuta yako.

Kampuni ya intaneti imekupa ruta dhaifu ambayo huruhusiwi kuiondoa, na wewe umenunua ruta yako nzuri: iweke ile nzuri kwenye hali ya aksesi pointi, ichomeke kwa kebo fupi, uisogeze katikati ya nyumba kadiri kebo inavyoruhusu, kisha uzime kabisa Wi-Fi ya ruta ya kampuni. Hiyo ya kampuni ikibaki inarusha mawimbi pembeni yake, baadhi ya simu zitaendelea kuifuata.